Orodha Iliyozaliwa Kwenye Disketi

Jumatatu ya tarehe 7 Aprili 2014, wasimamizi wa seva kila pembe ya dunia walikuwa na swali moja: mashine zetu zina OpenSSL toleo gani? Siku hiyo, ndani ya maktaba hiyo ya usimbaji fiche, ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed. Ilimwezesha mtu aliye mbali kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, nywila na funguo za siri zikiwemo, na kuondoka bila kuacha nyayo. Matoleo yenye ugonjwa yalianzia 1.0.1 hadi 1.0.1f. Dawa ilikuwa 1.0.1g.

Aliyekuwa na Debian 7 alisakinisha sasisho, akaandika openssl version, na skrini ikamjibu: 1.0.1e. Jibu hilo lilitosha kumnyima mtu usingizi. Kumbe seva ilikwisha kupona. Watu wa Debian hawakuleta toleo jipya zima. Walichukua mistari michache ya marekebisho, wakaipachika kwenye toleo la zamani, kisha wakakipa kifurushi namba 1.0.1e-2+deb7u5. Habari yote ilikuwa kwenye ule mkia, deb7u5, na programu yenyewe haikuujua. Wa kumuuliza alikuwa mwingine: dpkg -l libssl1.0.0. Kwa wenye Red Hat mambo yalikuwa yaleyale. Namba ya kutafuta ilikuwa 1.0.1e-16.el6_5.7, na iliyoijua ni amri ya rpm -q openssl peke yake.

Amri ya kwanza huiambia programu ijieleze. Ya pili hufungua daftari ambamo kila kilichoingizwa kwenye mashine kimeandikwa jina, toleo, na mahali mafaili yake yalipowekwa. Watumiaji wengi wa kompyuta hawajawahi kulifungua daftari hilo, na wanaolifungua kila siku wanalichukulia kama kitu kilichokuwapo tangu mwanzo. Hakikuwapo. Kuna watu waliokaa wakalibuni, kwa sababu walichoshwa na hali iliyokuwapo kabla yake.

Kabla ya daftari

Katika miaka ya 1970, programu za Unix zilisafiri kwa mkanda wa sumaku. Ulipokea msimbo chanzo, ukaujenga mwenyewe kwa kutumia make, chombo alichokiandika Stuart Feldman wa Bell Labs mwaka 1976, kisha ukanakili matokeo kwenye saraka iliyokubalika, mara nyingi /usr/local/bin. Kazi ikaishia hapo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba leo, kwenye mashine hii, kimeingia kitu fulani chenye mafaili arobaini.

Ungeweza kuandika ls ukaona majina ya mafaili. Lakini faili liitwalo convert limetoka wapi? Limekuja na nini kingine? Nikilifuta, nini kitaanguka? Majibu ya maswali hayo yalikaa kichwani mwa fundi, na fundi alipohama kazi alihama nayo. Waliomfuata walijifunza kutogusa kitu. Ndiyo maana kwenye seva nyingi za zamani utakuta saraka zenye majina kama old, old2 na usifute: kila anayekuja anaogopa kufuta alichoacha mwenzake.

Kampuni kubwa zililiona tatizo mapema kuliko wengine, maana zilikuwa zikiuza mashine za bei kali na wateja walidai hesabu. Unix ya AT&T, System V Release 4 ya mwishoni mwa miaka ya 1980, ilikuja na pkgadd ya kuingizia na pkginfo ya kuulizia. Sun waliichukua kwenye Solaris, wakaweka kumbukumbu zao ndani ya faili moja refu, /var/sadm/install/contents, kila mstari ukiwa faili moja na jina la kifurushi kinachomiliki faili hilo. IBM wakawa na lslpp, HP wakawa na swlist. Karibu kila nyumba na lugha yake. Mwanafunzi asiye na pesa hakuwa na lolote kati ya hayo.

Vijana wawili, mwaka mmoja

Linux ilipoanza kusambaa mwaka 1992, watu hawakuipata kama mfumo mmoja uliokamilika. Walipata kiini cha Linus Torvalds, na kila kilichobaki walikiokota wenyewe huku na kule. Mkanada Peter MacDonald ndiye aliyekusanya vipande vikawa rundo la disketi, akaliita SLS. Ulichomeka disketi moja baada ya nyingine mpaka mfumo ukakamilika. SLS ilipendwa sana, na ilikuwa na kasoro tele.

Mwaka 1993 vijana wawili wa Marekani, kila mmoja kwake, walichoka nayo. Patrick Volkerding alikuwa akisoma Moorhead, Minnesota. Alianza kwa kuisafisha SLS kwa matumizi ya chuoni, na Julai mwaka huo akaitoa kazi yake kwa umma kwa jina la Slackware. Mwezi uliofuata, tarehe 16 Agosti, Ian Murdock, mwanafunzi wa miaka 20 wa Chuo Kikuu cha Purdue katika jimbo la Indiana, alitangaza kwamba naye anaandaa mfumo wake. Aliunganisha jina la mchumba wake Debra na lake mwenyewe, ukaitwa Debian.

Namna wawili hao walivyolijibu swali la daftari inaonyesha tabia zao. Volkerding alitafuta njia fupi kuliko zote. Kwenye Slackware, kila kifurushi kinapoingia kinaacha faili moja la maandishi ndani ya saraka /var/log/packages: maelezo machache juu, orodha ya mafaili chini. Ukitaka kujua kilichosakinishwa, unaandika ls /var/log/packages, basi. Ukitaka kujua nani anamiliki faili fulani, unatafuta jina lake kwa grep. Daftari hilo halihitaji programu maalumu ya kulisoma, na hata mashine ikiwa taabani kiasi cha kushindwa kuwaka vizuri, bado linasomeka. Saraka ilihamishiwa /var/lib/pkgtools katika Slackware 15.0 ya mwaka 2022, lakini utaratibu haukubadilika. Mimi nalipenda daftari hili kuliko yote, ingawa nakiri kwamba halijui jambo moja kubwa: kipi kinakitegemea kipi. Volkerding hajawahi kutaka lijue. Kwake, hilo ni jukumu la mwenye mashine.

Murdock alitaka zaidi. Ndoto yake ilikuwa mfumo unaojengwa na watu wengi wasioonana, kila mtu akitunza kipande chake nyumbani kwake. Watu wa namna hiyo hawawezi kuelewana kwa kukumbuka. Lazima kila kipande kije na karatasi inayosema mimi ni nani, namba yangu ni ipi, nahitaji akina nani, nagombana na akina nani. Chombo cha kusoma karatasi hizo kiliitwa dpkg. Kilianza kama hati fupi ya amri za shell, kikaandikwa tena kwa Perl, na mwaka 1994 Mwingereza Ian Jackson akakiandika upya kwa lugha ya C. Muundo huo wa Jackson ndio unaosimama mpaka leo.

Kusoma daftari la Debian

Daftari la dpkg ni faili moja la maandishi, /var/lib/dpkg/status. Kila kifurushi kina aya yake, na kila aya imepangwa kama vichwa vya barua pepe: neno, nukta mbili, thamani. Jina, toleo, anayekitunza, ukubwa, vifurushi kinavyovitegemea. Lakini mstari wenye akili kuliko yote ni ule wa hali, ambao kwa kawaida husomeka hivi: Status: install ok installed.

Maneno matatu, na kila moja lina kazi yake. La kwanza ni matakwa ya mwenye mashine: anataka kifurushi hiki kiwepo, kiondolewe, au kishikiliwe kisibadilike. La pili huonyesha kama kuna hitilafu. La tatu ni hali halisi. Kwa kawaida matakwa na hali halisi vinalingana, na ndiyo maana dpkg -l ikitoa orodha yake, safu ya kushoto inajaa ii, ii, ii. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, maneno hayo yanaachana: mwenye mashine bado anakitaka kifurushi, ila kimefunguliwa nusu. Mashine ikiwaka tena, dpkg inajua ilipofika na inaweza kuendelea. Kwa mafundi wa kwetu, ambao umeme haukuwahi kuwapa miadi, sijui kama kuna uamuzi wa Jackson uliowafaa zaidi ya huo.

Halafu kuna rc. Wanaoanza humkuta kwenye orodha na kudhani programu waliyoifuta imegoma kutoka. Maana yake ni kwamba programu imeondoka lakini mafaili ya mipangilio yamebaki, kwa sababu Debian haifuti kitu ulichokihariri kwa mkono wako mpaka useme waziwazi kwa amri ya purge. Anayehesabu vifurushi kwa kuhesabu mistari ya dpkg -l bila kuchuja hao rc atapata jumla isiyo sahihi, na jumla za namna hiyo zimeingia kwenye ripoti nyingi za ukaguzi.

Kero nyingine ni ya upana wa skrini. dpkg -l huchora jedwali, na kwenye skrini ya herufi 80 majina marefu hukatwa mkia. Aliyetaka kuyaona kamili alijifunza kutanguliza COLUMNS=200. Baadaye ikaja dpkg-query, ambayo humpa mwulizaji nafasi ya kutaja hasa anachotaka kuona na kwa mpangilio gani, na kero ikabaki kwa wasioijua.

Kwa kuwa kila kitu kinategemea faili hilo moja, kulipoteza ni msiba. Programu zote zinaendelea kufanya kazi, lakini mfumo haujui tena kama zipo: ukitaka kusasisha kitu kimoja, utaambiwa kwamba hata maktaba ya msingi ya C haijasakinishwa. Debian walilitarajia hilo. Toleo la hatua ya mwisho kabla ya sasa hukaa kando kwa jina status-old, na kila siku nakala huwekwa katika /var/backups, za zamani zikiwa zimebanwa. Wapo waliojua kwamba nakala hizo zipo siku walipozihitaji tu.

Upande wa kofia nyekundu

Wakati huohuo, North Carolina, Marc Ewing alikuwa akijenga mfumo aliouita Red Hat, kwa kumbukumbu ya kofia nyekundu ya babu yake aliyokuwa akiivaa chuoni. Daftari lao la kwanza liliitwa RPP. Lilikuwa na maswali mazuri lakini lilibana sana wajenzi wa vifurushi. Wakajaribu jingine, likaelemea upande wa pili. Mwaka 1995 Ewing na Erik Troan walikaa wakaandika RPM, kwanza kwa Perl ili watoke haraka, kisha kwa C kwa sababu Perl ilikuwa nzito mno kuingia kwenye disketi ya kusakinishia.

RPM ilichukua uamuzi tofauti na dpkg: daftari lake halikuwa la maandishi. Lilikuwa hifadhidata ya Berkeley DB katika /var/lib/rpm. Faida ilikuwa kasi na wingi wa maswali unayoweza kuuliza. rpm -qa hutaja vyote. Ukiongeza --last unavipata kwa tarehe, kilichoingia mwisho kikiwa juu, jambo ambalo Debian hulijibu kwa kukuelekeza kwenye faili la kumbukumbu za dpkg. rpm -qf hukuambia faili hili ni la nani. Na rpm -V hulinganisha kilichoandikwa na kilichopo: ukubwa, alama ya ukaguzi, ruhusa, tarehe. Kinachopatana hupewa nukta, kilichobadilika hupewa herufi. Hilo lilikuwa jambo jipya kwa wengi, daftari linaloweza kukuambia kwamba mtu amechezea programu yako, ilimradi mtu huyo hakuwa na mamlaka ya kulichezea daftari lenyewe.

Hasara ilikuwa kwamba hifadhidata ile ikiharibika, hakuna aliyeweza kuifungua kwa kihariri cha maandishi akaona tatizo. Amri ikakwama, fundi akafuta mafaili yaliyoanza na __db, akaandika rpm --rebuilddb, akasubiri. Kizazi kizima cha wasimamizi wa seva kinaijua ibada hiyo kwa moyo. Iliendelea hadi 2020, Fedora 33 ilipohamia SQLite.

Orodha inapokuwa ndefu kuliko mtu

Debian 1.1 ya Juni 1996, ya kwanza kupewa jina la mhusika wa filamu ya Toy Story kwa kuwa kiongozi wa mradi Bruce Perens alikuwa mfanyakazi wa Pixar, ilikuwa na vifurushi 474. Mtu mwenye subira angeweza kuvipitia kwa siku moja. Debian 12 ya mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya 64,000.

Ukuaji huo ulileta tatizo ambalo daftari pekee halikuweza kulitatua. Unataka kifurushi kimoja. Kinataka maktaba tatu. Moja inataka toleo jipya la kitu ulichonacho. Kitu hicho kikibadilika, kingine kinavunjika. Kwa Debian jibu lilikuwa APT, iliyoingia rasmi na Debian 2.1 mnamo Machi 1999. Kwa jamii ya RPM jibu lililodumu lilikuwa yum, iliyokua kutoka chombo cha Yellow Dog Linux, mfumo wa kompyuta za Apple, na kulelewa na Seth Vidal katika idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Duke. Vyombo hivi husoma daftari la mashine, husoma orodha ya ghala lililo mtandaoni, kisha hukokotoa kinachopungua.

Mtandaoni. Neno hilo lilikuwa jepesi kulitamka North Carolina kuliko Mombasa. Mpaka kebo ya SEACOM ilipowashwa Julai 2009, ukanda wetu ulitegemea setilaiti, na kupakua megabaiti mia moja ilikuwa bajeti. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian na kutoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ilituma CD za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, huduma iliyofungwa mwaka 2011. CD ilikupa mfumo. Haikukupa kile kifurushi kimoja cha ziada ulichokihitaji, wala vinane vinavyokifuata. Hapo ndipo daftari lilipogeuka kuwa orodha ya safari. apt-get, ikiongezwa --print-uris, haipakui chochote: inatazama ulichonacho, inatoa anwani za mafaili yaliyopungua tu, nawe unaibeba karatasi hiyo hadi mahali penye intaneti na kurudi na mafaili kwenye flashi. Mashine isiyounganishwa na chochote iliweza kusasishwa hivyo, kwa sababu ilijua ilichonacho.

APT ilileta pia swali jipya. Ukiomba kitu kimoja na vikaja ishirini, ni vipi ulivyovitaka wewe? Ikabidi kuandika hilo nalo, kwenye faili la pembeni. Leo apt-mark showmanual hutaja ulivyoviomba, na showauto hutaja waliokuja kama wapambe. Jaribu zote mbili kwenye kompyuta yako, na mara nyingi utaona wapambe walivyo wengi kuliko maharusi.

Mlango wa nyuma

Hata hivyo, daftari huandika waliopita mlangoni. Na milango imekuwa mingi. Perl ilikuwa na ghala lake, CPAN, tangu 1995. Python ikawa na pip, JavaScript ikawa na npm, na kila moja huandika kwenye kitabu chake bila kumwambia dpkg. dpkg na mmoja wao wakigusa saraka moja, anayeandika mwisho ndiye anayeshinda. Debian 12 ilipoona yametosha ikaamua kuikataza pip kuingiza kitu moja kwa moja kwenye mfumo. Ukijaribu unapewa onyo na unaelekezwa ujenge chumba chako cha pembeni.

Kisha mwaka 2013 ikaja Docker na makontena yake, na vyumba vya pembeni vikawa ndio nyumba. Kila kontena huja na mfumo wake mdogo, na daftari lake ndani. dpkg -l kwenye mashine mama haioni chochote kilichomo humo. Aliyejenga kwa Alpine ana daftari la apk. Aliyejenga kwa Debian ana status yake. Aliyetupa kila kitu ili kontena liwe jepesi hana daftari kabisa. Google, walipotengeneza makontena yao yasiyo na hata shell, waliona hatari hiyo na wakaacha vipande vya daftari ndani ya saraka ya status.d ili vyombo vya ukaguzi vipate pa kusoma. Huko ni kukubali, nadhani, kwamba mwaka 1994 Jackson alikuwa amegusa kitu ambacho hakiwezi kutupwa.

Gharama ilionekana Desemba 2021. Kasoro ya Log4Shell iliyotangazwa wakati huo ilikuwa ndani ya Log4j, maktaba ya Java ya kuandikia kumbukumbu za matukio. Mafundi walikimbilia amri walizozizoea. Kwenye Debian, jina la kutafuta lilikuwa liblog4j2-java, na mashine nyingi zilijibu kwamba halipo. Zilisema kweli kuhusu daftari. Lakini programu za Java husafiri zikiwa zimefungwa ndani ya faili moja la jar, na ndani ya jar kuna jar nyingine, na humo ndimo Log4j ilimokuwa imejificha. Watu waliishia kupekua diski nzima wakitafuta faili la JndiLookup.class, kazi ileile ya kukisia iliyofanywa kabla ya 1993, safari hii kwa maelfu ya seva.

Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 12 Mei 2021, Rais Joe Biden alikuwa ametia saini amri namba 14028, iliyotaka wanaoiuzia programu serikali ya Marekani waambatanishe orodha ya vilivyomo. Umoja wa Ulaya nao umepitisha sheria ya uthabiti wa kimtandao, ambayo sehemu yake kubwa itaanza kutumika tarehe 11 Desemba 2027, nayo inadai orodha hiyo. Kile alichokibuni Murdock ili wajitolea wasioonana waelewane sasa kimeingia kwenye vitabu vya sheria.

Yeye hakuliona hilo. Mwaka 2007 Sun walimwajiri, na moja ya kazi zake huko ilikuwa kuipatia Solaris mfumo mpya wa vifurushi badala ya ule wa pkgadd. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya mradi ulioitwa Indiana. Mwishoni mwa 2015 alijiunga na Docker, kampuni iliyokuwa ikiyatawanya madaftari, na tarehe 28 Desemba mwaka huohuo akafariki dunia San Francisco akiwa na umri wa miaka 42. Debian 9 ilitolewa kwa heshima yake.

Namba inayosema uongo kidogo

Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wajenzi wa PostgreSQL, aliandika kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH kulikuwa kukimchukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida, na kwamba amefuatilia sababu. Mtu aliyejiita Jia Tan, aliyejenga imani ya wenzake kwa zaidi ya miaka miwili, alikuwa amepachika mlango wa siri ndani ya xz, chombo cha kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1.

Swali la Heartbleed likarudi, na safari hii kulikuwa na sababu zaidi ya kutoiuliza programu yenyewe: ukiandika xz --version unaiendesha programu usiyoiamini. Wenye tahadhari waliuliza daftari, dpkg -l xz-utils au rpm -q xz. Mashine nyingi za kazini zilikuwa salama, kwa kuwa matoleo yale yalikuwa yamefika tu kwenye matawi ya majaribio ya Debian, Fedora na wengineo.

Lakini waliokuwa kwenye tawi la majaribio walihitaji kurudishwa nyuma, na daftari la Debian linajua kupanda tu. Kwa APT, 5.4.5 ni ndogo kuliko 5.6.1, kwa hiyo si sasisho, haiji. Suluhisho lilikuwa kukipa kifurushi cha zamani namba iliyo kubwa kuliko ile ya sumu: 5.6.1+really5.4.5-1. Kwa mashine, namba hiyo ilikuwa kubwa na ikasakinishwa bila maswali. Kwa binadamu anayesoma, ilikuwa inakiri wazi kwamba ndani ni 5.4.5. Wapo waliosoma nusu ya kwanza tu, wakaona 5.6.1 na wakaogopa mashine iliyokwisha kutibiwa, kama wale wa 1.0.1e miaka kumi kabla.

Mkia ule uliondoka xz ilipopanda toleo kihalali. Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti 2025 ikiwa na zaidi ya vifurushi 69,000, na kwenye mstari wa xz-utils dpkg -l ilionyesha 5.8.1-1, na ii pembeni yake.